Ukienda Rutamba, usiondoke kabla ya giza

Mara ya kwanza nilikwenda Ziwa Rutamba mbio mbio. Nilitoka Lindi mjini asubuhi kwa bodaboda, nikapiga picha za maji na msitu, saa nane nimesharudi mjini nakula pweza. Nikawatambia watu kwamba nimelijua ziwa. Uongo mtupu.

Safari ya pili pikipiki ilikata mnyororo, tukakwama mpaka jioni. Kwa joto lile nilivua viatu nikaingia majini. Mzee mmoja aliyekuwa anakung'uta nyavu akaniita: "Mjukuu wangu, toka huko, utakojoa damu." Akang'oa tete moja, akaligeuza: konokono wadogo wamejipanga chini yake kama vifungo vya shati. Hao ndio wanaobeba kichocho. Kwa hiyo miguu yako iache nchi kavu, na habari za viboko na mamba waulize wavuvi, usibahatishe.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika ile njia ni utelezi, utasukuma pikipiki kuliko kuipanda. Beba maji na hela taslimu, chenji ndogo ndogo. Ukikuta mama anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, nunua, pilipili usiogope.

Sasa msitu. Jirani na ziwa kuna Litipo, msitu wa hifadhi usiozidi sana hekta 1,000. Hauingiwi kienyeji: pitia kwanza watu wa misitu, kisha ripoti serikali ya kijiji, wakupe mwenyeji. Mlipe vizuri, bila yeye utazunguka mti mmoja usiku kucha.

Kinachonirudisha mimi ni komba wa Rondo, kanyama ka mitini kanakotoka usiku. Anaishi katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na jina amelipata kwenye uwanda wa juu wa Rondo, huku huku Lindi. Uzito wake kama gramu 60, yai la kuku linaweza kumshinda! Mkia wake umetimka kama brashi ya kuoshea chupa. Funika tochi kwa kitambaa chekundu, mwanga mkali humkimbiza. Halafu kaa kimya. Siyo kunong'ona, kimya. Mimi nilikaa karibu saa nzima nikiliwa na mbu ndipo macho mawili yakawaka juu ya matawi, yakaruka, yakawaka mti wa pili. Mwenyeji wangu akanifinya mkono nisiinue simu.