Mipangilio ya BIOS inayopotea kila umeme ukikatika

Mkuu, kama saa ya kompyuta inarudi nyuma na mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) inajifuta kila umeme ukikatika, usihangaike na Windows. Mara nyingi ni betri ya kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ile bapa ya CR2032 ya volti 3. Chomoa waya wa umeme, ibadilishe, kisha washa huku ukibonyeza Delete au F2 ili uingie BIOS. Rekebisha tarehe, diski yenye Windows iwe ya kwanza kusomwa. Kwenye SATA (mpangilio wa jinsi diski inavyowasiliana na kompyuta) ndipo wengi wanaharibu: kama Windows iliwekwa SATA ikiwa kwenye hali ya AHCI, irudishe AHCI hiyo hiyo, la sivyo utakutana na skrini ya bluu. XMP (mpangilio unaoipa RAM, yaani kumbukumbu ya muda, kasi yake kamili) ni hiari, ila bila hiyo RAM ya kasi ya 3200 inaweza kukimbia 2133 au 2400 tu. Hifadhi kwa F10.