Uliza Bibi wa Sinema: Kwa nini Star Wars ya 1977 haichuji

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni msichana wa miaka 14. Likizo hii nimetazama Star Wars ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1977, na tangu hapo sifikirii kingine. Nimeirudia mpaka kaka yangu ananifichia rimoti. Wenzangu wanasema ni filamu ya wazee, eti vyombo vyake ni vya plastiki. Zile mpya wanazozipenda wao naziona nzuri, lakini siziamini. Hii ya zamani naiamini. Kwa nini? Na vita vile vya angani walivitengenezaje wakati kompyuta zilikuwa bado changa? La mwisho: sayari yenye majua mawili, kama ile anakoishi Luke, inaweza kuwepo kweli?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mhariri wa sauti wa michezo ya redio, kwa hiyo utanivumilia nikianza na masikio. Naamini jibu la swali lako la kwanza limelala huko, ingawa watu wengi hulitafuta kwenye picha.

Sauti za filamu hiyo ziliundwa na kijana aitwaye Ben Burtt. Mwongozaji, George Lucas, hakutaka ile milio ya mitambo ya umeme iliyokuwa imezoeleka katika filamu za anga. Alitaka sauti zitoke kwenye vitu vilivyopo duniani. Burtt akabeba kinasa sauti chake akaenda kuzitafuta. Ule mlio wa bunduki za miale aliupata kwa kugonga nyundo kwenye waya mnene unaoshikilia mnara wa redio usianguke. Ndege ndogo za Himaya, yaani dola la maadui, zinazopita zikipiga kelele ya kutisha, ni mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita kwenye lami iliyolowa. Sauti ya Chewbacca, lile jitu lenye manyoya, ni dubu kwa sehemu kubwa, na wanyama wengine wachache. Pumzi ya Darth Vader, adui mwenye barakoa nyeusi, ni kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi, kilichotiwa maikrofoni ndani.

Ninaoupenda kuliko yote ni upanga wa mwanga. Burtt alichukua mngurumo wa mota za projekta ya zamani ya sinema, akaongezea mvumo uliotoka kwenye televisheni na kunaswa na waya mbovu wa maikrofoni. Hapo alikuwa na sauti iliyosimama tu mahali pamoja. Ili upanga usikike ukikata hewa, aliipiga sauti ile kwenye spika, kisha akachukua maikrofoni nyingine akaipunga mbele ya spika hiyo. Mwendo unaousikia ni mwendo wa mkono wa mtu! Nilipolijua hilo nilisimamisha kazi niliyokuwa nayo mezani nikaanza kujaribu na maikrofoni zangu. Sikio lako halikuambiwa lolote kuhusu tembo wala projekta, lakini linatambua kitu chenye uzito kinapolia. Ndiyo maana unaamini.

Sasa picha. Lucas alianzisha kikundi cha mafundi, Industrial Light & Magic, mwaka 1975, kwa ajili ya filamu hii. Wenzako wana haki, plastiki ipo tele: mafundi walinunua vifurushi vya vifaru na ndege za kuchezea za kuunganisha, wakavitawanya vipande vyake juu ya vyombo vyao ili kila kimoja kionekane kina mabomba na vifuniko vya kazi. Ile meli kubwa inayopita juu ya kichwa chako mwanzoni, isiyokwisha kupita, ilikuwa modeli yenye urefu usiofika hata mita moja. Kamera ndiyo iliyosogea, chombo kikatulia. John Dykstra na wenzake walitengeneza mtambo wa kielektroniki uliokumbuka njia ya kamera na kuirudia vilevile kila mara, hivyo waliweza kupiga chombo kimoja, kisha kingine, kisha nyota, na kuviweka vyote katika picha moja bila kupishana. Picha za kompyuta zimo pia, ila ni chache: tazama marubani wanapoonyeshwa mchoro wa mistari wa Death Star, ngome kubwa ya angani ya Himaya, kabla ya kuondoka.

Kisha kuna uchafu. Roboti zimechubuka, gari la Luke limekwaruzika, na chombo cha rubani Han Solo, Luke mwenyewe anakiita takataka. Lucas alitaka ulimwengu uliokwisha kutumika, ambao watu waliishi ndani yake kabla hatujafika na kamera. Sehemu ya jangwa ilipigwa Tunisia, na mchanga unaouona ni mchanga. Filamu nyingi za anga za leo zinang'aa mno kwa ladha yangu.

Sitakuambia kila kitu ni kizuri. Maneno ya waigizaji mahali pengine ni magumu kama ubao, na wanawake wanaozungumza ni wachache mno. Lakini mtazame binti mfalme Leia, ambaye Carrie Fisher alimwigiza akiwa na miaka 19. Wanaume wanakuja kumwokoa bila kujua watatokea wapi. Yeye ananyakua bunduki, anatoboa ukuta na kuwaamuru waingie shimoni. Na nyuma ya kamera yupo mwanamke mwingine ambaye msichana anayependa filamu anapaswa kumfahamu: Marcia Lucas, mmoja wa wahariri watatu waliopata Oscar kwa filamu hii, pamoja na Paul Hirsch na Richard Chew. Picha za vita vya mwisho zilipokuwa hazijakamilika, waliweka picha za ndege za Vita vya Pili vya Dunia mahali pake, ili wajue rubani ageuze kichwa lini na ndege ilipuke lini. Itazame tena sehemu hiyo, uhesabu jinsi kila kipande kinavyozidi kuwa kifupi kadiri Luke anavyokaribia shabaha.

Majua mawili yapo, ndiyo. Mwaka 2011 wanaastronomia waliotumia darubini ya anga ya Kepler walitangaza sayari iitwayo Kepler-16b, inayozunguka nyota mbili kwa pamoja, mzunguko mmoja ukichukua siku 229 hivi. Iko mbali nasi zaidi ya miaka 200 ya nuru. Nyota zake zote mbili ni ndogo kuliko jua letu, sayari yenyewe ni baridi, na ina ukubwa wa kukaribia Zohali, kwa hiyo hungepata pa kusimama kama Luke. Ila machweo mawili yapo huko. Filamu iliyawaza miaka 34 kabla, na John Williams akayapigia muziki na okestra ya London Symphony bila mtu kusema neno.

SWALI: Bibi, mwanangu wa miaka 7 anataka kuanza kuzitazama. Maandishi ya mwanzo ya filamu ya 1977 yanasema ni sehemu ya nne. Nianze na ipi? Na je, inamfaa?

JIBU: Anza na hiyohiyo. Maneno ya "sehemu ya nne" hayakuwepo ilipotoka. Yaliongezwa mwaka 1981. Fuatisha ya 1980 na ya 1983, halafu ndipo urudi kwenye zile za 1999, 2002 na 2005. Ukizianza hizo za baadaye, siri kubwa ya filamu ya 1980 ataijua mapema, na ni siri ambayo mtoto anastahili kushtuliwa nayo.

Kuhusu umri, kaa naye. Kuna mahali pawili pa kuwa macho: Luke anaporudi nyumbani na kukuta miili iliyoungua ya mjomba na shangazi yake, na kwenye baa, ambapo mkono wa kiumbe mmoja unakatwa. Mweleze kabla, mtazame pamoja, na akitaka kuizima, izimeni.