Mtoto Anakuja Nyumbani: Mbwa na Paka Waandaliweje?

Barua kadhaa zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza juu ya wanyama wanaoishi katika nyumba inayotarajia mtoto, au ambayo tayari imempata. Daktari wetu wa mifugo amezijibu zote kwa pamoja.

SWALI: Daktari, salamu. Nina ujauzito wa miezi mitano, wa kwanza. Tuna mbwa dume mwenye umri wa miaka minne, amezoea kulala chumbani kwetu na hajawahi kuishi na mtoto. Mume wangu anasema siku nitakayorudi na mtoto tutamhamishia bandani, na mambo yataishia hapo. Mimi naona ni ukatili, lakini nikiri kwamba naogopa pia. Utushauri nini?
*Mama mtarajiwa*

JIBU: Dada yangu, hofu yako ina msingi na huruma yako ina msingi. Mpango wa mume wako nao haukosi busara, ila una kasoro moja kubwa, nayo ni siku aliyoichagua. Mbwa hujifunza kwa kuunganisha mambo yanayotokea kwa wakati mmoja. Akipoteza chumba, godoro na matembezi yake siku ileile ambayo sauti mpya na harufu mpya zinaingia nyumbani, atakachojifunza ni kwamba huyo mgeni ndiye aliyemnyang'anya kila kitu. Kwa hiyo, kama mmeamua kwamba atalala bandani, aanze kulala huko sasa, wakati mna miezi kadhaa mkononi: kwanza apewe chakula na mfupa wake huko mchana, kisha akae humo muda mfupi mlango ukiwa wazi, kisha usiku, hata apaone kuwa ni pake. Ifikapo siku ya kujifungua, jambo hilo liwe limekwisha kuwa la kawaida.

Kanuni hiyohiyo inahusu mabadiliko mengine yote. Kama wewe ndiye unayemlisha na kumtembeza, mkabidhi mumeo au mtu mwingine kazi hiyo mapema, na saa za chakula zianze kupishana kidogo, kwa sababu mtoto mchanga haheshimu ratiba ya mtu. Hakikisha mbwa anatii amri chache bila kubishana: kukaa, kulala chini, kuacha kitu alichokishika, na kwenda mahali pake akiambiwa. Kumrukia mtu kwa furaha, tabia ambayo wengi huivumilia na hata kuifurahia, kunaweza kumwangusha mama aliyebeba mtoto, basi ikomeshwe sasa. Asifiwe tu anapokuwa na miguu yote minne sakafuni. Mkishanunua kigari cha mtoto, kisukumeni kikiwa kitupu huku mbwa akitembea kando yake, ili ajue mapema mwendo unaotakiwa.

Kilio kinahitaji maandalizi yake. Binadamu husikia sauti za hadi takribani hezi 20,000 (yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde), ilhali mbwa huvuka hezi 40,000, na yapo mambo ya masikioni mwake ambayo sisi hatuwezi hata kuyawazia. Tafuteni rekodi ya kilio cha mtoto mchanga, muipige kwa sauti ya chini sana wakati mbwa anakula au anacheza, kisha muipandishe kidogokidogo kwa muda wa wiki kadhaa. Akiacha kula, akihema kwa haraka au akiondoka, mmekwenda mbio mno, basi rudini kwenye kiwango alichokivumilia.

Mpelekeni pia kwa daktari wa mifugo kabla hamjazidiwa na shughuli. Chanjo ya kichaa cha mbwa ithibitishwe kuwa haijapitwa na wakati, apewe dawa ya minyoo, na viroboto na kupe washughulikiwe. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa huhitaji wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo kinyesi kinachozolewa kila siku hakipati nafasi ya kuwa tatizo.

Siku ya kurudi nyumbani, mbwa awe ametembezwa hadi ametulia. Mtu mwingine ambebe mtoto, nawe uingie kwanza, umsalimie mbwa kama ilivyo desturi yenu. Baadaye, akiwa amefungwa kamba na mtu mzima ameishika, anaweza kunusa kwa mbali, kwa dakika chache tu, na hakuna haja ya kumsogeza usoni mwa mtoto ili "wafahamiane". Watu hupenda kumletea mbwa nguo iliyovaliwa na mtoto kabla hajafika nyumbani. Si vibaya, lakini sioni kama inaweza kuchukua nafasi ya wiki za mazoezi niliyoyataja.

Katika wiki zinazofuata, wazazi wengi, mtoto akiwa macho, humfukuza mbwa, na mtoto akilala, humbembeleza mbwa huyo, wakidhani wanagawa upendo kwa haki. Kwa mbwa, maana yake ni kwamba mtoto akiwepo neema hutoweka. Geuzeni: sifa na kitu kitamu vije mtoto akiwepo, na mtoto akilala mbwa naye apumzike. Hata mambo yakienda vizuri namna gani, mbwa na mtoto wasibaki peke yao chumbani, hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango. Hilo halitegemei upole wa mbwa.

SWALI: Daktari, mama mkwe wangu ananihimiza nimtoe paka wetu kwa kuwa, kwa maneno yake, paka huharibu mimba, na mtoto akizaliwa paka humnyonya pumzi. Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki kumtupa paka. Ukweli ni upi?
*Mpenda paka*

JIBU: Katika madai hayo mawili, la kwanza lina ukweli ndani yake, nawe usimpuuze mama. Vimelea viitwavyo *Toxoplasma gondii* huzaliana katika utumbo wa paka na kutoka pamoja na kinyesi. Mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na madhara yake yanaweza kuwa makubwa. Hata hivyo, paka kwa kawaida huvitoa vimelea hivyo kwa wiki chache tu baada ya maambukizi yake ya kwanza, na vikishatoka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana jibu si kumtoa paka, bali ni mtu mwingine asafishe sanduku lake la mchanga kila siku. Kama hakuna mtu mwingine, vaa glavu, kisha nawa mikono kwa sabuni. Paka alishwe chakula kilichopikwa au cha dukani, asipewe nyama mbichi, na azuiwe kuwinda panya na ndege. Na kwa kuwa tunamzungumzia paka, watu husahau kwamba nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani huwaambukiza watu pia, pengine kuliko paka wa nyumbani anayetunzwa. Mweleze mkunga au daktari wako wa kliniki kwamba unafuga paka, naye ataamua kama unahitaji kipimo cha damu.

Kuhusu kunyonya pumzi, hapana, paka hafanyi hivyo. Anachofuata ni joto, na kitanda cha mtoto kina joto. Lakini mtoto wa wiki chache hawezi kumsukuma mnyama aliyejilaza karibu na uso wake, kwa hiyo hitimisho la mama mkwe kwamba paka asilale na mtoto ni sahihi, ingawa sababu yake siyo. Mlango uliofungwa ndio kinga bora. Wavu au chandarua kilichotandazwa juu ya kitanda si kinga ya paka, kwani akipanda juu yake kitabonyea kumwelekea mtoto.

Kama chumba atakachotumia mtoto ndicho alichozoea paka, anza mapema kumzuia paka asiingie humo, na sanduku la mchanga lisogezwe hatua chache kila siku badala ya kuhamishwa ghafla, la sivyo atajisaidia palepale alipozoea. Mpatie pia mahali pa juu, kama rafu au kilele cha kabati, ambapo anaweza kutazama mambo bila kufikiwa. Paka akipata pa kukimbilia, mara nyingi huchagua kukimbia.

SWALI: Sisi hatuna mbwa wala paka, tuna kasuku mmoja na kobe mdogo. Je, nao wanahitaji kuandaliwa, au nisihangaike?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Kobe haandaliwi, anatengwa. Kobe, mijusi na nyoka hubeba bakteria wa salmonela, wanaosababisha kuhara, hata wakionekana wazima kabisa, na ushauri wa kiafya ni kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isifuge wanyama hao. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi nne, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua baada ya kuwashika na kuwatia mdomoni. Kama unaweza kumpatia kobe wako makao mengine, fanya hivyo. Kama huwezi, asiingie jikoni wala chumba cha mtoto, na vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni wala beseni la kuogeshea mtoto.

Kasuku anaweza kubaki, ila tundu lake likae mbali na mtoto na lisafishwe kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi la kinyesi kikavu huweza kueneza ugonjwa wa mapafu. Akikosa uchangamfu, akifutua manyoya au akitokwa na kamasi, apelekwe kwa daktari. Kasuku aliyezoea kuzungumzishwa kisha akaachwa ghafla anaweza kuanza kujinyonyoa, basi mpunguzie muda wako taratibu. Na uwe tayari: huenda akajifunza kilio cha mtoto na kukipiga usiku wa manane, na dhidi ya hilo sina dawa.

SWALI: Mtoto wetu ana miezi minane. Tangu azaliwe mbwa wetu amekuwa mpole sana kwake, lakini juzi mtoto alitambaa hadi kwenye bakuli la mbwa naye akamngurumia. Nilimchapa. Je, nimuondoe nyumbani?
*Baba mwenye wasiwasi*

JIBU: Ndugu yangu, usimchape tena kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kunyamaza, siku nyingine akauma bila kutangulia kusema. Kabla ya kunguruma huwa kuna dalili nyingine: kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo, kugeuza uso, kuonyesha weupe wa macho, kukakamaa mwili. Ukiziona, muondoe mtoto kwanza, kwa utulivu.

Familia nyingi hujiandaa kwa siku ya kuzaliwa na kusahau kwamba mtoto anayetambaa ni kiumbe mwingine kabisa machoni pa mbwa. Sasa anamfuata, anamvuta masikio, anagusa chakula chake. Mbwa alishwe nyuma ya mlango au kizuizi, bakuli liondolewe akishamaliza, mifupa isitapakae sakafuni, na awe na kona ambayo mtoto hafiki kamwe. Mtafute daktari wa mifugo amchunguze, maana maumivu ya meno, masikio au viungo huwafanya mbwa wapole kuwa wakali, kisha akuelekeze kwa mkufunzi asiyetumia kipigo. Kama amewahi kuuma, au anamkodolea mtoto macho na kumfuata akiwa amekakamaa, au kama nyumba yenu haina namna ya kuwatenganisha, mtafutie makao kwa watu wazima wasio na watoto, uwaeleze wazi sababu.

Ikitokea mtoto ameumwa au amekwaruzwa na meno, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa, na ubebe kadi yake ya chanjo.