Vidonge vya kinga kaa navyo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kwa nini daktari ananipa dawa ya kushusha kinga wakati mimi ni mgonjwa, na unataka kuniletea vidonge vya kuipandisha. Kaa navyo. Kinga ninayo, tena ina kiherehere.

Hii baridi yabisi haikuletwa na baridi, wala si uzee. Vidole vilipoanza kukakamaa asubuhi, huenda mambo yalishaanza kitambo: wagonjwa wengi hupatikana na kingamwili (protini za kinga za kushambulia wageni) kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kiungo kuuma. Kingamwili hizo hutoka kwa seli B, aina ya seli nyeupe za damu, na hulenga protini za mwili wenyewe zilizobadilika kidogo. Moshi wa sigara huchochea mabadiliko hayo mapafuni. (Ndiyo maana sikuachi upumue na hizo sigara zako.)

Seli T, nazo seli nyeupe za damu, zikishaiona protini hiyo kuwa ngeni, huzihimiza seli B na kuziamsha makrofaji, seli walaji za kinga, zilizojaa kwenye utando laini wa ndani ya kiungo. Hapo ndipo penye kasheshe. Makrofaji humwaga kemikali za kuitana, mojawapo ikiitwa TNF. Seli nyingine huitika, utando hunenepa, hutambaa juu ya gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, na kulila. Kilichonishangaza ni mfupa. Unaliwa na seli za ukoo mmoja na makrofaji, ambazo siku zote kazi yake ni kumomonyoa mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe; TNF huzifanya zipitilize. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu ki kwenye kifundo.

Mwaka 1992 jijini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa dawa ya kuizuia TNF, wakapata nafuu. Ingekuwa shida ni kinga haba, si wangezidiwa?

Lakini hofu yako ya maambukizi ina msingi. TNF hiyohiyo husaidia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, kwa hiyo mtu hupimwa kwanza kabla ya kuanzishiwa dawa za aina hiyo. Mimi sijafika huko. Niko kwenye metotreksati, ndiyo hiyo dawa ya kushusha kinga uliyoiuliza, na nikipata homa nampigia daktari siku hiyohiyo. Metotreksati naitumia mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Ukija usinipangie vibaya kwenye kile kisanduku cha dawa.

Mama yako