Chembe nano za chuma za kuonesha na kuchoma uvimbe: mambo ya kujua kabla hujawasha jiko la maabara

Kwa anayeanza kazi ya kutambua na kutibu saratani kwa chembe moja, magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, ndiyo shule nzuri. Kwenye MRI, yaani picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku, hutia weusi mahali ilipo. Kwenye uga wa sumaku unaogeuka mara laki moja kwa sekunde, hutoa joto. Tena malighafi yake si ghali.

Pima gramu 5.4 za kloridi ya chuma (III) yenye molekuli sita za maji na gramu 2.0 za kloridi ya chuma (II) yenye nne. Uwiano wa chuma hapo ni 2:1. Yeyusha katika mililita 100 za maji yaliyotolewa ioni na kupitishiwa nitrojeni nusu saa. Pasha hadi nyuzi 80, kisha mimina kwa haraka mililita 20 za amonia ya asilimia 25, ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Weusi utokee papo hapo. Ukiona kahawia, oksijeni imeingia na chuma (II) imegeuka (III). Hiyo haiokoleki, anza upya. Koroga kwa mota yenye fimbo. Kile kijiti cha sumaku mlichozoea kitajivika mazao yako yote.

Osha kwa kuivuta kwa sumaku, kisha ivike asidi sitriki. Kutogandamana kwenye maji safi si kipimo: ijaribu kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na kwenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), ndiko inakogandamana.

Ukipima joto, tumia kipimajoto cha nyuzi za kioo, kwa sababu waya za chuma nazo hupata moto ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa ule uga wa sumaku. Weka pia chupa ya maji matupu pembeni, maana koili yenyewe hupasha.

Penye ugumu hasa ni dozi. Picha huhitaji chuma kidogo, kiasi cha miligramu moja au pungufu kwa kilo ya mwili. Joto huhitaji nyingi mno, na ya kupitia mshipani haifiki: uchambuzi wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 0.7 tu ya dozi (thamani ya katikati, yaani median) ndani ya uvimbe, sehemu kubwa ikinaswa na ini na wengu. Ndiyo maana NanoTherm, dawa ya maji yenye chembe kama hizi iliyoruhusiwa Ulaya kwa uvimbe wa ubongo, ilidungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, takriban miligramu 112 za chuma kwa mililita. Kwa wingi huo MRI ya eneo hilo huwa doa jeusi tupu, na madaktari hulazimika kutumia CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo andika dozi mbili kwenye mpango wako tangu mwanzo: ndogo ya kupigia picha, kubwa ya kuchoma.