Kabureta ya mtumba inauzwa ghali kuliko mpya: utajuaje bei ya haki?

Umeuliza kama jozi ya kabureta SU HS4 (SU ni aina ya kabureta ya Kiingereza ya magari ya zamani) zilizotumika, zilizotangazwa mtandaoni kama "adimu", zinastahili bei iliyozidi ya mpya. Hazistahili. HS4 bado zinatengenezwa Uingereza na kampuni ya Burlen, kwa hiyo uadimu haupo. Bei ya mtumba inaanzia chini ya mpya, halafu inashuka tena kwa kiasi cha kazi iliyobaki kufanywa.

Na kazi huwa ipo. Kwenye SU, kinachochoka mapema ni ekseli ndogo inayobeba kipepeo, yaani kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa, pamoja na matundu inamopita kwenye bodi ya alumini. Ishike mwishoni uitikise juu na chini, usiizungushe. Ikicheza, hewa inaingia pembeni bila kupita kwenye pistoni ya kabureta, petroli inakuwa kidogo kwenye mchanganyiko, na injini haikai silensa (haitulii bila kukanyaga mafuta) hata ukishinda unakaza na kulegeza skrubu. Muuzaji akikwambia ubadilishe ekseli tu, usiridhike: tundu limeshaliwa likawa la umbo la yai, na ekseli mpya itacheza humohumo. Dawa yake ni kuchonga tundu na kutia bushi, kazi inayotaka mashine na mkono uliozoea. Kila kabureta ina matundu 2, kwa hiyo kwa jozi unalipia 4.

Kuna na sindano iliyo chini ya pistoni, inayoingia kwenye jeti, tundu linalopitisha petroli. Ikiwa na mstari unaong'aa upande mmoja, imekuwa ikisugua jeti, na jeti nayo imetanuka. Injini itakula petroli bila sababu nyingine yoyote. Weka sindano 2 na jeti 2 kwenye hesabu. Kisha omba video fupi: muuzaji atoe fimbo ya oili iliyo juu, ainue pistoni kwa kidole, aiachie. Unataka kusikia "tak" ya chuma kugonga chuma. Ikikwama njiani, mara nyingine ni uchafu tu au jeti haijakaa katikati, lakini mara nyingine kopo la juu linalofunika pistoni limetoka kabureta nyingine. Kopo na pistoni hulinganishwa kiwandani, ukivichanganya havielewani tena.

Hakikisha pia ni HS4 kweli. Namba ya mwisho inahesabu sehemu za 8 za inchi juu ya inchi 1: HS2 ina mdomo wa inchi 1¼, HS4 inchi 1½, HS6 inchi 1¾. Nimeona matangazo mengi yanayozichanganya, na kipimo cha venia kwenye picha kinamaliza ubishi.

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matakwa ya muuzaji. Unachohitaji ni bei ambayo mtu alilipa. eBay ina kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, kitumie kabla ya kuandika ujumbe wowote. Wauzaji wengi hupanga bei kwa kutazama matangazo ya wenzao, hivyo kitu kisichouzika kinaweza kupandisha bei ya vingine vitano.

Neno "adimu" nalo lipimwe. VW Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, Mercedes W123 karibu milioni 2.7. Mitambo yake si adimu. Adimu ni vitu vya toleo moja: kioo cha mlango wa gari la kupe (coupé), ukanda wa krome wa mwaka fulani, lenzi ya taa. Hivyo vikiwa vizima, lipa, maana kukarabati krome iliyotoboka huweza kuzidi bei ya kukinunua.

Kinachoniudhi zaidi ni beringi na sili kuuzwa kwa jina la gari. Soma namba kwenye ringi. Ikiwa 6203, ni milimita 17 ndani, 40 nje, unene 12, na duka lolote la beringi linayo mpya. Sili ya oili ikiandikwa 35x52x7, hivyo ndivyo vipimo vyake.

Raba "mpya ya zamani" iliyokaa kwenye boksi miongo kadhaa usiinunue kwa kuifunga garini. Paipu ya breki, diaframu ya pampu ya petroli, vikombe vya masta silinda: raba huzeeka hata bila kutumika. Masta silinda inunue kwa ajili ya chuma chake tu, na kama ndani pana mashimo ya kutu, iache. Dramu na diski za breki mara nyingi zimegongwa kikomo chake, kipenyo cha juu au unene wa chini. Omba picha ya namba hiyo pamoja na kipimo cha sasa.

Kwa jozi yako, chukua bei ya mpya, toa bushi za matundu 4, sindano 2, jeti 2, gasketi na usafirishaji, kisha toa kidogo zaidi kwa sababu mtumba hauna dhamana. Asipokutumia video ya ekseli ikitikiswa, hesabu kwamba matundu yote 4 yameliwa, na umpelekee ofa hiyo.