Kabla hujanunua kamera kongwe ya panorama, sikiliza springi yake

Wengi wakishika kamera kongwe ya panorama, ile inayonasa mandhari pana kwa picha moja, huanza kukagua lenzi: ina mikwaruzo, ina ukungu? Mimi huanza na springi. Lenzi yenye mkwaruzo bado itakupa picha nzuri, lakini springi inayosita itakuharibia filamu yote.

Chukua Kodak Panoram, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1899. Ndani yake filamu hulala kwenye mgongo uliopinda, na nyuma ya lenzi kuna bomba bapa linaloishia kwenye mwanya wima. Ukibonyeza, springi huizungusha lenzi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mwanya ule hupitisha mwanga kidogo kidogo mpaka picha nzima ikamilike. Toleo la Namba 4 huona pembe ya nyuzi 142, la Namba 1 nyuzi 112. Kiasi cha mwanga huamuliwa na upana wa mwanya na kasi ya mzunguko. Kwa hiyo lenzi ikisita hata kidogo, sehemu hiyo ya filamu huungua kwa mwanga, na picha ikisafishwa unakuta mchirizi mweupe umesimama katikati ya anga. Hakuna ujanja wa kuufuta vizuri.

Basi ijaribu bila filamu. Fungua mgongo, tega lenzi, achia, tega sikio. Mlio uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikatikakatika, mara nyingi ni vumbi au grisi iliyokauka. Tafadhali usimimine mafuta, yatatambaa hadi kwenye lenzi. Mpe fundi aifungue.

Cirkut, kamera nyingine ya panorama ya mwanzoni mwa karne ya 20, ni habari nyingine. Hapo kamera nzima huzunguka juu ya stendi, hata nyuzi 360, huku filamu ikipita nyuma ya mwanya. Mwendo wa filamu lazima ulingane na mwendo wa taswira, la sivyo kila kitu kinavutika. Kazi hiyo ni ya gia, na gia huchaguliwa kulingana na lenzi. Kama gia zimepotea, achana nayo.

Ukishapata kamera nzuri, iweke sawa kwa pimamaji, maana ikiinama upeo wa macho hujikunja. Watu waliojipanga mstari mnyoofu nao huonekana wamepinda. Kwa picha ya kundi, mimi hufunga kamba kwenye stendi, naivuta ikaze, kisha nazunguka nayo nikichora tao ardhini. Kila mtu akikanyaga mstari ule, wote hutoka wamenyooka.